Kwa nini popo wamechagua mwembe wenu?

Mama mmoja wa Kimara ameniandikia wiki hii, na kwa kuwa si wa kwanza kuniuliza jambo hili, nimeona nimjibu hapa ili na wengine wasome. Nyuma ya nyumba yao kuna mwembe mkubwa aliouacha baba mkwe wake. Tangu maembe yaanze kuiva, popo wameuvamia. Usiku ni kelele na mabawa, asubuhi kibaraza kimejaa madoa, na nguo zilizosahauliwa kwenye kamba hazifai tena. Jirani anasema mti huo una mambo yake. Mume ameshazungumza na kijana mwenye msumeno wa mashine na advansi imeshatolewa. Watoto, ambao wamekulia chini ya mwembe huo na bembea yao bado imefungwa pale, wanalia. Anauliza: tuukate, au tusiukate?

Dada, msikate kwanza. Najua jibu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha toa advansi, kwa hiyo tuzungumze taratibu. Popo hachagui mti ovyo. Ukijua anachotafuta, utajua pia kama amekuja kukaa au anapita tu, na hapo ndipo mtaamua mambo ya msumeno.

Kula na kulala ni mambo mawili

Popo wanaokula matunda wana miti ya aina mbili. Upo mti wanaolala mchana, na ipo miti wanayokwenda kula usiku. Mara nyingi miti hiyo haiko mahali pamoja; popo wakubwa wanaweza kuruka kilomita nyingi kila jioni kutoka wanakolala mpaka kwenye chakula. Sisi tunawasikia usiku, wakiwa mezani, tunadhani tumewakuta nyumbani kwao.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi yeyote, nenda chini ya mwembe wako saa saba mchana. Siyo saa tatu usiku, saa saba mchana. Chukua na watoto. Inueni macho, zungukeni mti wote, mtazame kwenye matawi yaliyo wazi na katikati ya majani mazito. Kama hamwoni kiumbe hata kimoja kinachoning'inia, basi hicho si chumba cha kulala cha popo. Ni hoteli. Na wateja wa hoteli hii huondoka chakula kikiisha.

Chini ya mti wa kula utaona alama zake. Kutakuwa na maembe yaliyotafunwa nusu na kokwa zenye mikwaruzo ya meno. Utaona pia vidonge vikavu vya nyuzinyuzi vilivyokamuliwa, kama machicha ya nazi yaliyobanwa kwa vidole. Popo hamezi kila kitu. Anatafuna nyama ya tunda, anaibana kwenye kaakaa, anameza maji yake matamu, kisha anatema makapi. Ukikuta machicha ya namna hiyo, hakuna jambo la ajabu wala la kishirikina. Mtu amekula embe akatema.

Wakati mwingine mti wenye madoa chini hauna hata tunda moja. Hapo ndipo jirani anapoanza kusema maneno. Lakini popo wengi hawali pale wanapochuma. Anachuma tunda, analibeba mdomoni, anaruka mpaka kwenye tawi jingine lenye majani mazito au hata chini ya ukingo wa paa lako, ananing'inia na kula kwa utulivu. Kwenye mti wenye matunda kuna ugomvi na wenzake, na bundi naye anajua chakula kiko wapi. Anayebeba sahani yake pembeni anakula kwa amani. Ndiyo maana kibaraza chenu kinaweza kuwa na mbegu za mkuyu au kokwa za kungu wakati mti wenyewe uko kwa mtu wa tatu.

Mwembe wa Kimara, kwa jinsi dada alivyoueleza, una kelele usiku na ukimya mchana, na mambo yalianza na maembe kuiva. Nafikiri ni hoteli. Lakini atazame kwanza kabla ya kunisadiki.

Wakilala hapo mchana, ni popo gani?

Pengine ukitazama saa saba utawakuta. Hapo swali linabadilika, na jibu linategemea ni popo wa aina gani, maana kila aina ina mti wake.

Niwatoe kwanza wale wadogo wanaoishi ndani ya dari, kati ya bati na kenchi. Hao ni popo wa wadudu. Hawana haja na mwembe wenu wala embe lenu. Wakitoka jioni wanakamata nzige, nondo na mbu, na kuwaondoa kwao ni kazi ya kuziba mianya ya paa wakiwa nje. Leo tunazungumza wa mitini.

Wa kwanza ni popo wa kati, wa rangi ya kahawia, ambao madume yao yana vishungi vya manyoya meupe mabegani. Hawa ndio wengi katika vitongoji vyetu vya pwani. Usiku dume huning'inia mahali pamoja na kupiga mlio mmoja mmoja, kama mtu anayegonga kichuma, na anaweza kuendelea hivyo kwa saa nzima. Watu wengi wanadhani ni chura au ndege. Anaita majike, na anapoita anakunjua vile vishungi vyeupe ili aonekane.

Popo huyu analala kwa kujificha. Anataka mti wenye majani mazito, giza ndani, na nafasi ya kuingilia kwa chini. Mwembe unamfaa sana, mfenesi pia, mkungu ukiwa na majani yake yote, na hata makuti ya mnazi au chini ya paa la banda la makuti. Wanakaa wachache wachache, si kundi kubwa, kila mmoja ameacha nafasi kidogo na mwenzake, wamekunja mabawa kama majani makavu. Unaweza kupita chini yao kila siku usiwaone. Na hawana uaminifu kwa mti mmoja: wanakaa siku chache wanahamia mwingine, halafu wanaweza kurudi. Hawa hawana haja ya kukatiwa mti. Ukiwatazama tu mara nyingi, wao wenyewe wanahama.

Wa pili ni mdogo kabisa, na nimemtaja kwa ajili ya watoto. Kuna popo anayelala ndani ya jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringisha kama karatasi ya bomba. Ana vigando laini vya kunatia kwenye vidole gumba na nyayo ili asiteleze kwenye jani. Tatizo lake ni kwamba jani la mgomba halikai limeviringika. Linakua, linafunguka, na chumba kinakwisha. Kwa hiyo maisha yake yote ni kuhama, jani hadi jani. Mwenye migomba nyuma ya jiko amekwisha kuwa na mpangaji huyo bila kujua. Anakula wadudu wadogo, halipi kodi, lakini hana hasara.

Wa tatu ndiye anayeleta mabishano ya kweli.

Popo wakubwa wanaokaa kwa maelfu

Huyu ni popo mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, mwenye uzito wa gramu 250 hadi 350, na mabawa yake yakifunguka yanafika sentimita 75 hivi. Anaishi sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia Senegal hadi kwetu. Dar es Salaam wapo, Morogoro wapo. Hawajifichi. Wanalala kwa makundi makubwa kwenye matawi yaliyo wazi, wakisukumana, wakilalamika, wakijipepea kwa mabawa jua likizidi, kama mama anayejipepea na kanga kwenye daladala iliyojaa.

Mti wao lazima uwe mrefu, na sababu yake iko kwenye namna wanavyoruka. Popo mkubwa hawezi kuondoka ardhini kirahisi kama kunguru. Anaachia tawi, anaanguka, na katika kuanguka huko anafungua mabawa na kupata upepo. Anahitaji nafasi tupu chini yake na mbele yake. Mti mfupi uliobanwa na nyaya za umeme, ukuta na paa la jirani haumfai. Mti mrefu uliosimama peke yake, unaozidi mingine kwa kimo, unamfaa sana, maana anaweza kuja na kuondoka pande zote.

Halafu matawi. Kucha zake zinashika tawi na mishipa ya vidole inajifunga kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, kwa hiyo analala bila kutumia nguvu. Lakini tawi liwe la unene anaoweza kulishika, na liwe na nguvu, kwa sababu wenzake mia watakuja kuning'inia hapo hapo. Matawi huvunjika. Majani hupukutika kwa kukwaruzwa, na mti uliokaliwa miaka mingi unaanza kuonekana kama umeungua. Hili mzazi asilipuuze. Kundi kubwa likiwa juu ya uwanja wanapochezea watoto, hatari ya kwanza si popo, ni tawi.

Hawachagui aina moja ya mti. Mvule, mwembe, mkaratusi, wote wanakaliwa, wa asili na wa kuletwa. Mkaratusi hauna tunda ambalo popo huyu anakula, na bado wanalala humo kwa maelfu. Hapo unaona kwamba kinachotafutwa ni kimo, tawi na nafasi. Chakula kinafuatwa kwingine usiku. Popo hawa hawatumii mwangwi wa sauti kutafuta njia kama wale wadogo wa wadudu. Wana macho makubwa na pua kali, na mti wanauona kwa macho kabisa, kama wewe unavyouona.

Lakini mjini kuna miti mirefu mingi isiyo na popo hata mmoja. Kwa nini huu na si ule? Hapa jibu linatuhusu sisi wenyewe. Mti wanaoupenda ni ule ambao watu wanawaacha. Fikiria ni wapi mjini kuna miti mirefu ya zamani ambayo hakuna mtu anayeikata ovyo, na ambako hakuna mtoto anayeruhusiwa kuingia na manati: hospitali, kambi za jeshi, vyuo, makanisa ya zamani, makaburi.

Mji wa Accra, Ghana, una hospitali ya jeshi inayoitwa 37, na miti yake ni maarufu kwa popo hawa, ambao katika msimu wao hufika laki kadhaa. Wenyeji wana hadithi yao: chifu mmoja mgonjwa aliletwa hospitalini hapo, popo wakamsindikiza, chifu akafia hapo, nao wakakataa kuondoka bila bwana wao. Ni hadithi nzuri na sitaigusa. Ila mimi naona pia kwamba ni hospitali, tena ya jeshi, na miti yake ni mirefu.

Kampala nayo ilikuwa na bonde la popo, ambalo jina lake bado linatumika mpaka kwenye shule ya msingi. Katika miaka ya 1960 mtafiti F. A. Mutere aliwachunguza popo wa Kampala, akaonyesha jambo ambalo akina mama watalipenda: jike anapandwa, lakini mimba inakaa miezi kadhaa bila kuanza kukua, ikisubiri ili mtoto azaliwe wakati wenye chakula. Mtoto ni mmoja tu kwa mwaka. Enzi hizo kundi la Kampala lilikadiriwa kuwa na popo 250,000 hivi. Baada ya miaka 40 lilikadiriwa kuwa limebaki na 40,000 hivi. Mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka hajazi pengo hilo haraka.

Tena hawakai mwaka mzima. Popo hawa ni wasafiri. Matunda yakipungua hapa wanaondoka, na kundi lililokuwa linawanyima usingizi linatoweka kwa miezi. Mbuga ya Kasanka, kaskazini mwa Zambia, hupokea popo wapatao milioni 8 hadi 10 kati ya Oktoba na Desemba, wote wakibanana kwenye kipande kidogo cha msitu wenye majimaji, kisha wanaondoka. Mwaka unaofuata wanarudi kwenye msitu ule ule. Wanakumbuka. Ndiyo maana mti mmoja unaweza kuwa wa popo tangu enzi za babu, huku mwingine wa kimo hicho hicho hatua mia kutoka hapo haujawahi kukaliwa.

Pemba waliamua vingine

Ukitaka kuona kwamba uamuzi wa popo unafuata uamuzi wa watu, nenda Pemba. Kisiwa hicho kina popo wake mwenyewe ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, mkubwa kuliko wote niliowataja, na mabawa yake yanafika mita moja na nusu na zaidi. Alikuwa analiwa na kuwindwa, na misitu ilikuwa inakatwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba anakwisha kabisa.

Wakati huo wa shida, sehemu nyingi alikobaki zilikuwa zina miti ya makaburini na mahali pa mizimu, ambako wazee walikataza kukata na kupiga kelele. Hakuna aliyewaambia popo kwamba hapo pana heshima. Walijua tu kwamba hapo hawapigwi. Kisha vijiji vikaanza kuunda vikundi vya kuwalinda, pamoja na watu wa misitu na wahifadhi, na watoto wakafundishwa shuleni. Kidike, si mbali na Chake Chake, wanakijiji wanalinda miti yao na mgeni anayetaka kuwaona popo analipa kiingilio. Hesabu zilizofanywa katika miaka ya 2000 zilikuta popo zaidi ya 20,000.

Nataja Pemba pia kwa sababu ya popobawa. Mwaka 1995 visiwa vile vilitikiswa na hofu ya jini la jina hilo, na baadaye hofu ikavuka hata huku bara. Mpaka leo kuna watoto wanaolala wamejifunika gubigubi kwa sababu dada wa kazi au kaka mkubwa amewasimulia. Mzazi, hilo usimwachie dada wa kazi. Mwonyeshe mtoto yale machicha ya embe chini ya mti, mwambie huyu alikula tunda akatema, na kesho atakula tena. Kwa uzoefu wangu wa watoto, kitu kinachotema chakula hakiogopeshi muda mrefu.

Kuhusu magonjwa, bila kutiana hofu

Najua baba wa Kimara anafikiria hili kuliko madoa. Ana haki.

Popo anaweza kubeba virusi vya jamii moja na vile vya kichaa cha mbwa. Kimoja kiligunduliwa mwaka 1956 kwenye popo hawa wakubwa wa rangi ya majani makavu, huko Nigeria. Kwa hiyo sheria ya nyumbani ni moja na haina mjadala: popo aliyeanguka chini mchana haguswi na mtoto, hata kama anaonekana mtoto mchanga na mzuri. Popo mzima hakai chini mchana. Anayekaa chini ameumia au anaumwa, na atauma. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo mkaeleze ni popo. Msingoje kuona.

Hapo pia ndipo manati inapokuwa jambo la afya. Popo aliye juu ya mti hana shida na mwanao. Popo aliyepigwa jiwe na kuanguka mikononi mwa watoto watano ndiye mwenye shida nao.

Tangu mlipuko wa Marburg wa Kagera mwaka 2023 watu wamekuwa wakitazama kila popo kwa jicho la Marburg. Virusi hivyo wataalamu wamevihusisha hasa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni na kwenye migodi, ambao ni aina nyingine. Watoto na vijana wasiingie mapango yenye popo. Mwembe si pango.

Mengine ni ya usafi wa kawaida. Tunda lililoumwa na mnyama yeyote haliliwi, linazikwa au linatupwa. Matunda mazima yanaoshwa. Kinyesi kilichokauka kisifagiliwe kikavu. Mwagia maji kwanza, funika pua na mdomo, kisha safisha. Na kama mnavuna maji ya mvua kutoka kwenye bati, yale ya mwanzo yamwagwe, na mfuniko wa tanki ufungwe vizuri.

Sasa turudi kwenye msumeno

Tuseme mmetazama mchana mkakuta mti ni mtupu. Basi popo wanafuata maembe, na maembe ni mambo ya wiki chache. Chumeni yale yaliyokomaa kabla hayajaivia mtini, muyavundike ndani. Popo anavutwa na harufu ya lililoiva. Okoteni yaliyoanguka kila asubuhi. Nguo zianuliwe kabla ya magharibi. Mkiukata mwembe, popo watakwenda kwa jirani mwenye mwembe, nanyi mtabaki na uwanja wenye jua kali na watoto wenye hasira. Na msimu ujao mtanunua maembe sokoni kwa bei ya sokoni.

Tuseme mmekuta wale wachache wa mabega meupe wamejificha. Subirini, watahama. Kama hamtaki warudi palepale juu ya mlango, punguzeni majani ya upande huo wakati hawapo. Mti ukiingiza mwanga ndani, kwao haufai tena.

Tuseme, na hili ni nadra, mmekuta kundi kubwa la wale wakubwa. Hapo msiende peke yenu. Zungumzeni na ofisi ya serikali ya mtaa na watu wa maliasili wa halmashauri. Hameni na bembea kutoka chini ya matawi yale. Msifukuze kwa moto wala fataki wakati majike yana watoto vifuani, maana watoto wataanguka, na mmeshaona kwa nini hatutaki popo walioanguka. Kuwahamisha kundi zima ni kazi hata kwa wenye uwezo. Mwaka 2003 mji wa Melbourne, Australia, uliamua kuwaondoa popo kwenye bustani yake ya mimea kwa kupiga makelele siku baada ya siku, na ulikuwa umewatayarishia mahali pa kwenda. Popo waliondoka kweli, lakini wakachagua mahali pengine walipoona wao panafaa.

Kuna hasara nyingine ya kuwafukuza ambayo haionekani kwenye kibaraza. Popo hawa wakubwa humeza mbegu ndogo na kuziangusha mbali sana. Waliofuatiliwa kutoka Ghana walionekana kuweza kubeba mbegu hadi kilomita 75. Mvule unaenea hivyo. Maua ya mbuyu, ambayo hufunguka jioni, yanatembelewa na popo, na bila wageni hao wa usiku ubuyu wanaonunua watoto shuleni ungekuwa hadithi nyingine.

Na yule kijana wa msumeno, advansi yake isipotee. Mwiteni mchana, mti ukiwa mtupu, akate matawi mawili au matatu yanayoinamia paa, kamba ya nguo na tanki la maji. Aanze kwa kukata kidogo chini ya tawi ndipo akate juu, ili gome lisichanike mpaka kwenye shina. Tawi lililofungiwa bembea asiliguse.